Ndovu wa Sura ya Kumi

Mwalimu wetu wa hesabu alipenda neno moja kuliko maneno yote: sijui. Si kwamba alilitumia yeye. Alitaka tulitumie sisi, kwa sauti, tukiwa wima, mikono nyuma. Mwanafunzi aliyekwama hakuruhusiwa kujikuna kichwa wala kutazama dirishani kana kwamba jibu lingeletwa na treni ya mizigo. Alipaswa kusimama na kusema, "Sijui, Mwalimu." Darasa zima lilimpigia makofi matatu, naye akapita mbele kukaa kwenye kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya chumba kile, na hadi leo nikisikia watu wakipiga makofi matatu, hata kwenye harambee, mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Jina lake silitaji. Ana watoto, na hao hawakunikosea kitu. Ukoo wake na alikozaliwa ataeleza atakayemwandikia sifa. Mimi siandiki sifa.

Kompyuta ilikuwa moja. Wafadhili fulani waliigawia shule yetu ya kutwa pale Voi mwanzoni mwa miaka ya tisini: kibodi nene ya rangi ya majivu iliyochomekwa kwenye televisheni ndogo, pamoja na redio ya kaseti ya kuhifadhia kazi. Mwalimu mkuu aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka ua la plastiki juu yake, na muhula mzima ilifunuliwa siku ya wazazi tu. Mwalimu wetu ndiye aliyeipigania mpaka akapewa ufunguo wa stoo ya maabara ilimowekwa. Hilo nampa. Alisimama kwenye mkutano wa walimu akasema kwamba kitu kisichoguswa nacho hufa, na afadhali kife kimeguswa. Kaseti ya kwanza niliileta mimi kutoka nyumbani, ya taarabu ya mama, na kila tulipoiwasha tulisikia nyuzi za udi kidogo kabla ya programu kuanza kulia kama panya.

Mashine ilikuja na kitabu cha Kiingereza cha kufundisha lugha yake, lugha waliyoundiwa watoto wa ng'ambo ili watunge michezo yao wenyewe. Unaandika amri, mstari chini ya mstari, kila mstari na namba yake, na mashine inazifuata kwa mpangilio wa namba. Kitabu hicho Mwalimu alikifunika kwa karatasi ya kaki akakiweka mkobani mwake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kukifungua. Alikisoma likizo nzima kwake Wusi, kule milimani, akashuka na uamuzi kwamba angeandika mwongozo wa Kiswahili wa mtu anayeanza kabisa. Tukamuuliza kwa nini Kiswahili, ilhali hesabu zote tulifanya kwa Kiingereza.

"Hiki kitabu kiliandikiwa mtoto ambaye hii kitu iko kwao sebuleni," alisema. "Nyinyi muko na dakika kumi kwa wiki. Hamna wakati ya kutafsiri."

Mchezo wa kitabuni ulikuwa wa vyombo vya angani. Yeye akaviondoa akaweka ndovu. Hakuna mtoto darasani mle ambaye baba au mjomba wake hakuwahi kupiga debe kumfukuza ndovu aliyetoka mbugani kuja kula mahindi, kwa hiyo hakuhitaji kueleza. Shamba lilikuwa na mistari ishirini ya mahindi, ndovu amejificha katika mmoja. Unaitajia mashine namba, inakujibu "mbele" au "nyuma", mpaka umkute. Sura tisa za mwongozo zilifika hapo. Katika Sura ya Kumi, alituahidi, ndovu angetembea. Angeonekana kwenye kioo kwa miguu yake minne, akivuka mahindi, na sisi ndio tungekuwa tumemtembeza. Niliitaka hiyo Sura ya Kumi kuliko nilivyotaka kufaulu mtihani wowote. Nalisema waziwazi kwa sababu mengine yote yanatokana na hilo.

Sasa, mtu anaandika mwongozo wa wasiojua, katika darasa ambamo asiyejua ndiye anayegusa kompyuta. Wenzangu waligundua upesi kwamba kujua hakuna faida. Mvulana aliyekuwa wa kwanza katika hesabu alisimama akasema hajui jinsi ya kuandika jina lake. Mwalimu akaongoza makofi, akaenda nyumbani, akaiandika upya Sura ya Kwanza iwe rahisi zaidi. Wiki iliyofuata hawakujua tena, naye akairahisisha tena, mpaka ikafika mahali ambapo Sura ya Kwanza ilieleza kwa kurasa mbili namna ya kuvuta kiti na kukaa. Kuna aliyemtobolea siri, nadhani. Siku moja aliingia na uso wa mtu aliyekanyaga siafu, akatukagua mmoja mmoja kama anayechagua mbuzi mnadani, na kidole chake kikasimama kwangu.

"Huyu uso wake haiwezi kudanganya," alisema. "Kuanzia leo huyu ndio mjinga wangu."

Ilikuwa heshima, na niliichukua kama heshima. Kila sura ilinifikia mimi kwanza. Nilipokwama hakunisaidia; alisogeza kiti, akatazama kidole changu kimesimama wapi, akakata sentensi nzima na kuandika nyingine. Nilipoelewa alisema "haya" na kufungua ukurasa mwingine. Aliniita Mjinga Mkuu. Jina likatoka darasani, likaenda uwanjani, likafika sokoni, na mwisho likaingia nyumbani kwetu.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya pwani, wazee wetu waliifuata reli wakabaki Voi na biashara zao, na kwetu neno hilo halirushwi ovyo. Bibi aliacha kuchambua mchele akauliza ni mwalimu gani huyo anayefuga mjinga. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani," akarudia mchele wake. Nilimwona mzee tu, hana kazi, anatafuta pa kutumia methali.

Na huyo bibi ndiye aliyeandika nusu ya mwongozo, kama haki ingetendeka. Mwalimu alikuwa mtu wa milimani. Lugha yake ilikuwa Kidawida, na Kiswahili alikivaa kama kiatu cha kuazima. Alijua jambo, akakosa neno. Kuna kitu katika lugha ile ambamo mashine huhifadhi namba moja, ikakipa jina, ikakifungua inapohitaji. Yeye alikiita sanduku. Nikamwambia sanduku ni kubwa mno, hutiwa nguo; kitu kidogo cha kuwekea kitu kimoja cha thamani ni kibweta, na bibi yangu ana kibweta cha vipuli vyake. Akaandika kibweta. Kisha tukafika kwenye amri ya kurudia jambo mara kadhaa na kuacha. Nikamwambia hiyo ni tasbihi: unahesabu punje moja moja mpaka idadi itimie, ndipo unaacha. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikaa na lile neno siku mbili. Siku ya tatu sura nzima ilikuwa na kichwa "Tasbihi", na chini yake ameandika kwamba dini haihusiki. Nilikwenda mbio kumwambia bibi. Nilijiona nami nina mkono katika kitabu.

Alikuwa na tabia mbili ambazo wote tuliziiga. Ya kwanza, namba za mistari alizipanga kwa makumi: 10, 20, 30. Tulipomuuliza kwa nini si moja, mbili, tatu, alisema, "Acha nafasi. Kuna kitu umesahau." Aliishi hivyo. Shambani kwake maharagwe yalikuwa na mapengo ambayo mkewe aliyalaani. Kwenye picha za shule alituachanisha mpaka tukaonekana kama watu waliogombana.

Ya pili, hakuandika kwenye karatasi mpya. Karatasi zilikuwa shida shuleni, lakini hata alipokuwa nazo alipendelea mgongo wa karatasi iliyokwisha tumika: mitihani ya zamani, barua za idara, bahasha za sadaka zilizofunuliwa. Kusoma mwongozo wake ilikuwa kusoma vitabu viwili. Mbele unajifunza kibweta, nyuma unaona nani alipata sufuri ya jiografia. Nilikuwa nageuza kila ukurasa.

Watu wa aina yake husemwa kuwa wanyenyekevu, na wapo waliosema. Uongo. Katika miaka yote niliyomjua hakuna aliyemsikia akilitamka neno lile alilotulazimisha. Siku ya mazishi ya baba wa mwanafunzi mwenzetu kule Kishushe, gari lilimshusha njia panda, na kwenye zile barabara mbovu gari la pili halipatikani mpaka kesho. Wachunga mbuzi walikuwa wamekaa pale pale kando ya njia. Hakuwauliza. Alishika njia ya kushoto akatembea nusu siku, akafika kaburi limeshafukiwa, viatu vyeupe kwa vumbi, akawaambia watu alipita kwanza kutazama mawe yanayotafutwa na wachimbaji. Mkewe alitusimulia mwenyewe, akiwa amekasirika bado. "Huyo hata njia haulizi," alisema. "Afadhali apotee." Sisi tulicheka. Ningekuwa na akili ningesikiliza.

Nimefika kwenye fomu. Wafadhili wale wale waliandika kwamba kila shule iliyopewa kompyuta ingeweza kupeleka mwanafunzi mmoja Mombasa, likizo ya Agosti, wiki sita, afundishwe na watu wanaojua. Kila kitu bure. Mwalimu anachagua, mzazi anatia sahihi, fomu inarudishwa kwa posta. Mwalimu alinichagua mimi. Alikuja mwenyewe dukani kwa baba, akakaa kwenye gunia la sukari, akanywa chai vikombe viwili, akamweleza mfanyabiashara asiyependa hata mabinti wavuke reli kwamba mimi nitakwenda Mombasa kujifunza kutembeza ndovu kwenye kioo. Baba aliuliza nitalala wapi. Nikasema kwa mama mdogo, Majengo. Akafikiri mpaka chai ikapoa, kisha akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kama alivyotia kila kitu. Mwalimu akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na kile kitabu cha kaki. Usiku ule bibi alinipa kanga ya kusafiria.

Siku chache baadaye nilikuwa stoo nikijaribu Sura ya Tisa. Niliitajia mashine mstari wa mia. Shamba lina mistari ishirini, lakini mashine ikanijibu "nyuma" bila aibu, kana kwamba mistari mia ipo. Nikaona haifai. Nikaona pia kwamba katika amri zenyewe, kati ya mstari wa 40 na wa 50, pana nafasi, kama alivyotufundisha, basi nikaandika 45: mtu akitaja namba inayozidi ishirini, aambiwe "Huko ni shamba la jirani." Nikajaribu, ikakubali. Darasa likaja kuona, wakaangua kicheko, kila mmoja akitaka kuingia shamba la jirani. Mwalimu akatoka nyuma akasoma kioo. Hakucheka.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna, Mwalimu. Niliona nafasi."

Akaisoma tena ile 45. Nikiwa na furaha yangu nikamuuliza lililokuwa moyoni: kama mashine inaweza kumwambia mtu kwamba amepotea, basi si iko karibu kumtembeza ndovu? Afanye nini ili aonekane? Aanzie mstari gani? Alisema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Wiki iliyofuata niliposimama kwenda mbele alininyooshea kiganja nikae. Alisema mwongozo wa anayeanza unataka anayeanza, na mimi nimeshaharibika. Ndiyo, neno hilo. Akachagua mjinga mwingine, msichana wa kidato cha kwanza aliyemwita kutoka darasa lao, na darasa letu likampigia makofi. Mimi nikarudi kwenye dawati la nyuma, nikiwa nimejua vya kutosha kufukuzwa, na si vya kutosha kufanya lolote. Sikugusa ile kibodi tena.

Nilijifariji kwa Mombasa. Nilihesabu siku. Julai ikaisha, nikamfuata kwenye ofisi ya walimu nikamuuliza kuhusu safari. Alikuwa akisahihisha madaftari, na hakuinua kichwa. Alisema barua ilichelewa, nafasi zimejaa, mambo ya posta. Nilimwamini. Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba mambo ya posta, na baba alinyamaza kwa namna ya mtu aliyeshukuru. Miaka miwili baadaye nikaolewa, kisha nikafunza vidole vyangu kupiga chapa.

Hayo yote ningeweza kuyasamehe, au angalau kuyasahau, kama asingeniita.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya tisini, baada ya mvua kubwa zilizokata barabara za mlimani. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kupiga chapa Voi, na mke wa Mwalimu alikuja kuniambia Mzee amestaafu, macho yamepungua, ana kitabu chake anataka kipigwe chapa, na hataki mtu mwingine ila mimi. Nikapanda Wusi Jumamosi. Sikupanda kwa wema. Nilipanda kuona kama jina langu limo.

Nilimkuta barazani, blanketi magotini, amekonda, shingo imebaki ndani ya kola kama mchi kinuni. Alinitambua kwa sauti. Aliulizia watoto, aliulizia baba, nikamwambia baba ametangulia, akasema pole kwa heshima. Mkewe akaleta chai na bati la biskuti ambamo mwongozo ulikuwa umekaa. Nikaufungua mapajani. Kibweta kilikuwepo. Tasbihi ilikuwepo, na dini bado haikuhusika. Nyuma ya kurasa walikuwepo wenzangu wote na sufuri zao. Jina langu halikuwepo, na la bibi yangu, ambaye naye alikuwa ameshakufa, ndiyo kabisa. Sura ya Tisa ilikuwa na mstari wa 45 kwa mwandiko wake, shamba la jirani na yote.

Nikafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mwisho, nao ulikuwa na kichwa tu, kimepigiwa mistari miwili: Sura ya Kumi, Ndovu Anatembea. Chini yake hapakuwa na kitu. Nikaugeuza kwa mazoea, na nyuma yake nikaona sahihi ya baba kwa herufi za Kiarabu.

Fomu ilikuwa imejazwa yote. Jina langu, darasa langu, mama mdogo wa Majengo. Alama ya mkunjo ilikuwa pale pale alipoikunja dukani.

"Mwalimu," nilisema, "hii haikupelekwa."

Hakuuliza ni nini. Alijua iko wapi, alikuwa ameiweka yeye. Alishika kikombe kwa mikono miwili, nikadhani atanitajia posta tena.

"Ile kitabu ya Kiingereza ilikuwa inaishia kwa sura ya tisa," alisema. "Zingine zilikuwa zimeng'olewa kabla ifike. Mimi mwenyewe sijawahi ona huyo ndovu akitembea."

"Si ungeniacha niende nikakuletee?"

"Ungerudi unajua," alisema.

Alilisema polepole, bila kujitetea, kama mtu anayetoa jibu la hesabu. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilimkumbuka bibi na mchele wake. Nilimkumbuka baba akiiacha chai ipoe, akijikaza kuniachilia, na huyu mtu amekaa juu ya gunia lake la sukari. Laiti angesema neno moja, lile lile tulilosimamishwa kulisema kila wiki, ningekwenda, na ningerudi nikakaa karibu naye nikamwonyesha, wala nisingemwambia mtu. Nililia pale barazani, na sikuona haya. Mkewe alisimama mlangoni na sinia mkononi, hajui aingie au atoke.

Yeye alingoja nimalize. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa ule ukurasa mapajani mwangu mpaka akaupata upande mtupu.

"Sasa iandike wewe, mwanangu," alisema. "Nimekuachia nafasi."

Kwenye duka la chapa tulikuwa na kompyuta mpya. Nilipigia barua za mashamba na ratiba za mazishi, na aliyenifundisha alinionyesha vitufe ninavyohitaji, basi. Sikuweza kumtembeza hata sisimizi. Niliukunja ukurasa kwenye mkunjo wake wa zamani, nikautia mkobani, na kurasa nyingine zote nikazirudisha katika bati na kulifunika. Kisha nikasimama wima mbele yake, mikono nyuma.

"Sijui, Mwalimu," nilisema kwa sauti.

Hakupiga makofi.